Kumfundisha mtoto kujilinda: mwongozo kwa wazazi, walimu na maustadhi wa Tanga

Watoto wengi wa mjini Tanga wameshaambiwa "usiongee na mtu usiyemjua", na wengi hawajaambiwa zaidi ya hapo. Onyo hilo lina kazi yake stendi ya Kange au sokoni Mgandini, lakini halimsaidii mtoto mahali ambapo madhara hutokea mara nyingi zaidi, yaani nyumbani na jirani na nyumbani, kwa mtu anayemwamkia kila siku. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mpangaji wa chumba cha uani, binamu aliyekuja kutafuta kazi, mwalimu wa masomo ya ziada, kijana wa bodaboda wa kila asubuhi: hakuna kati yao ambaye mtoto atamhesabu kuwa mgeni. Aliyefundishwa kuogopa sura asizozijua atawafungulia mlango wote.

Tunachopendekeza hapa ni kumfundisha mtoto kutambua matendo, kumfanyisha mazoezi ya maneno mpaka yamkae mdomoni, na kumwandaa mtu mzima atakayeambiwa. Hilo la mwisho ndilo linaloshindikana zaidi, kwa hiyo tunaanza nalo.

Kabla ya kipindi cha kwanza

Kipindi kizuri hufungua midomo. Katika kundi la watoto ishirini, huenda mmoja akabaki nyuma akijidai anatafuta kalamu, na ukimwambia "njoo kesho" hatakuja tena. Kwa hiyo usifungue somo hili kabla hujaandika kwenye karatasi mambo manne: jina na namba ya afisa ustawi wa jamii anayehudumia kata yenu (piga uhakikishe inapokelewa), kituo cha polisi kilicho karibu chenye Dawati la Jinsia na Watoto, hospitali itakayompokea mtoto hata usiku, ambayo kwa mjini kimbilio kubwa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, na mtu mzima atakayemsindikiza mtoto, pamoja na nauli yake ya bajaji iliyotengwa pembeni. Ongeza namba 116, simu ya kitaifa ya huduma kwa mtoto. Haina gharama na inapokelewa saa 24.

Kisha waite wazazi. Pwani yetu mzazi akisikia mtoto wake wa darasa la pili anafundishwa majina ya viungo vya siri, jambo la kwanza analowaza ni matusi. Msibishane naye. Muoneshe karatasi yenye maneno yote yatakayotumika, msomee, mwache aulize. Wengine watasema kazi hiyo ni ya somo na kungwi, wanawake wanaomfunda msichana akivunja ungo. Waambieni ukweli kwamba mtoto wa miaka sita hajafika kwa kungwi bado, na anayetaka kumdhuru hamsubiri afike. Mahali ambapo makungwi wanaheshimika, wakaribisheni wakae ndani ya kipindi. Mama mmoja anayeaminika mtaani akiitikia kwa kichwa, wazazi wengine hutulia kuliko wangetulizwa na barua yenye muhuri.

Wafundishaji wawe wawili kila mara, mlango wazi, na ikiwezekana mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Mtu mmoja peke yake na watoto chumbani anavunja kanuni ileile anayoifundisha. Kundi lisizidi watoto 20. Wa miaka 4 hadi 6 wapewe dakika 10 au 15, wa 7 hadi 10 nusu saa, wakubwa dakika 45. Usichanganye umri. Mtoto wa miaka 13 hataongea mbele ya mdogo wake, na mdogo atachukua maneno asiyoyaelewa akayatumie vibaya uani. Kwa wasichana na wavulana walio juu ya miaka 11, anzeni pamoja, kisha gawaneni kwa dakika 20 za mwisho.

Kipindi kimoja kirefu cha mwaka hakifai kitu. Vipindi sita vifupi, kimoja kila wiki, kisha marudio ya nusu saa kabla ya kila likizo, ndivyo vinavyobaki kichwani.

Mwili na mpaka wake

Taja viungo vyote kuanzia kichwani: jicho, bega, kitovu, uume, uke, matako, goti. Vitaje kwa sauti ileile, bila kushusha sauti katikati. Ukishusha, umeshawafundisha kwamba hapo hapasemwi. Majina ya kubembeleza tunayowapa watoto nyumbani yana hasara ya wazi: mtoto akimwambia mwalimu kwamba mjomba "anachezea ua langu", mwalimu ataitikia tu na kuendelea kusahihisha madaftari.

Mpaka wenyewe uelezwe kwa nguo. Panapofunikwa na chupi, na kwa msichana kifuani pia, hapashikwi, hapaangaliwi wala hapapigwi picha na mtu, na mtoto haombwi kushika pa mtu mwingine. Sehemu hii ya mwisho husahaulika sana, na watoto wengi hufikiri kwamba kama hawakuguswa wao, hakuna kosa. Viko visababu viwili vinavyoruhusu: mtoto mdogo anapooshwa, na mgonjwa anapotibiwa, tena mzazi au muuguzi akiwa chumbani. Mtoto wa miaka mitano au sita mwenye afya afundishwe kujiosha na kujitawadha mwenyewe, ili sababu ya kwanza iondoke mapema. Mwenye ulemavu anayehitaji kuoshwa hata akiwa mkubwa aambiwe majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumwosha, na kwamba mwingine yeyote akijitolea, hapana. Kwa mtoto kiziwi, hakikisheni alama za viungo hivi anazijua. Mara nyingi hakuna aliyemwonesha.

Msiseme "mguso mzuri na mguso mbaya" mkaishia hapo. Mguso wenye nia mbaya unaweza usiume, na mwingine mwili huitikia kwa raha, kisha mtoto anajiona yeye ndiye mkosaji. Sema hivi: "Mguso wa mahali hapa haukubaliki hata kama hauumi, hata kama ulicheka, hata kama ulipewa kitu. Kosa ni la mkubwa."

Siri

Anayemwinda mtoto anahitaji ukimya wake kuliko anavyohitaji nguvu. Kwa hiyo siri ipewe kipindi kizima. Waoneshe watoto tofauti kwa mifano yao. Nguo ya Idi iliyofichwa kabatini ni jambo la kushtukiza: lina siku ya mwisho, na siku hiyo kila mtu atafurahi. Siri inayotakiwa ifichwe siku zote, inayohusu mwili, picha, zawadi au simu, na inayokuja na "mama atakupiga akijua", hiyo husemwa siku hiyohiyo.

Wafanyishe zoezi. Soma sentensi moja moja, wao wasimame ikiwa ni ya kusemwa na wakae ikiwa si ya kusemwa: "Dada amemnunulia bibi kanga, usimwambie mpaka Jumapili." "Kaka amenionesha video kwenye simu akasema nisimwambie mtu." "Ustadhi amenipa mia tano nikae baada ya wenzangu kuondoka." Hili la tatu litaleta ubishi. Uacheni ubishi uendelee kidogo, ndipo muulize: pesa hiyo angempa mbele ya baba? Kipimo hicho, "angefanya mbele ya wazazi wako?", watoto wa miaka minane wanakishika vizuri sana.

Adabu haivunjwi

Hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikwa mbali inapokwama. Mtoto wa Tanga amelelewa kuamkia, kutumwa bila kuuliza, na kutomjibu mkubwa. Ukimwambia apige kelele "Hapana!" usoni kwa rafiki wa baba, atakuitikia kipindini na hatafanya kamwe. Mpe ngazi, aanzie chini.

Ngazi ya kwanza ni maneno ya heshima yenye kukataa: "Shikamoo babu, naamkia hapa hapa." "Naomba radhi, sipakatwi siku hizi." "Ngoja nimuulize mama kwanza." Ngazi ya pili ni kusema wazi bila kucheka: "Sitaki. Niache." Ya tatu ni kelele na kukimbia. Wafanye wawili wawili, wakibadilishana zamu, mara tano kila ngazi, wakiwa wamesimama. Anayesema akitabasamu arudie, kwa sababu tabasamu la haya husomwa kama ruhusa.

Kwenye kelele, kulia tu hakutoshi. Mtoto anayelia huku anavutwa na mtu mzima barabara ya kumi na mbili Ngamiani ataonekana mtukutu anayerudishwa nyumbani, na watu watapisha. Afundishwe kutamka: "Simjui huyu! Si baba yangu! Nisaidieni!" Na akimbilie penye watu wengi, hasa wanawake na watoto: kwa mama ntilie, dukani, msikitini wakati wa swala. Asikimbilie kichochoro cha mkato kwa kuwa anakijua.

Wazazi nao wana la kufanya. Mtoto akisema hataki kukumbatiwa na shangazi, usimsukume mbele ukisema "nenda bwana, usinitie aibu". Kuamkia ni lazima, kupakatwa si lazima. Utani wa babu kumwita mjukuu "mke wangu" hatuna haja ya kuufuta, una mahali pake. Ila utani huo ni wa maneno, na mtoto aambiwe kwamba ukigeuka wa mikono si utani tena.

Jambo la kurudiwa kila kipindi: anayeshindwa kusema hapana hana kosa. Mwili wa mtu aliyeshtuka huganda, kwa mtoto na hata kwa mkubwa. Anaweza kuja kusema baadaye, hata baada ya mwaka.

Vidole vitano

Kila mtoto achore kiganja chake kwenye daftari na kuandika kwenye kila kidole mtu mzima mmoja atakayemwambia akipata shida. Wawili angalau wawe nje ya nyumba anayoishi, kwa sababu anayemdhuru anaweza kuwa ndani. Mmoja awe anafikika kwa miguu. Mmoja awe na simu ambayo mtoto anaijua namba kwa kichwa. Majaribio ya namba hufanyika papo hapo, bila daftari, na mtashangaa wangapi hawaijui hata ya mama yao.

Kinachoharibu zoezi hili ni kuliacha karatasini. Mtoto anaandika "mwalimu" na mwalimu hana habari. Kila aliyetajwa aulizwe na mzazi au kiongozi kama yuko tayari, na asomewe sehemu ya mwisho ya mwongozo huu. Anayesita aondolewe. Na mtoto aambiwe kwamba wa kwanza asiposikia, aende kwa wa pili, mpaka wa tano, kisha 116.

Pamoja na vidole, familia iwe na neno lake la kumchukua mtoto. Mtu yeyote akifika shuleni akisema "mama yako ameumwa, amenituma", alitaje neno. Chagueni la kawaida lisilokisiwa, kama "kalimati" au "mtepe", na libadilishwe likishatumika mara moja.

Chambo kwa wakubwa kidogo

Kuanzia miaka 11, wafundishe mtiririko wa mtu anayewinda, maana wanaweza kuutambua ukiwa njiani. Huanza na kumchagua aliye mpweke au mwenye njaa. Kisha hutoa: chipsi mayai, vocha, usafiri wa bure, "kesho usilete pesa". Hufuata kumtenga: "wenzako hawajui maisha kama wewe". Halafu mikono ya mzaha, kufinya, kutekenya, kuona kama atasema. Akinyamaza, siri huanza, na mwisho deni: "vitu vyangu vyote ulikula bure?" Waandikie hatua hizo ubaoni kwa mpangilio uliovurugwa, wazipange wenyewe, kisha wajadili ni wapi ni rahisi kutoka. Watasema mwanzoni. Ongezeni kwamba hata kwenye deni mlango upo: zawadi hailipwi kwa mwili, na hakuna anayedaiwa chipsi.

Bodaboda itajwe kwa jina. Wasichana wanaotoka Pongwe au Amboni kuja shule za mjini wanategemea pikipiki, na "nitakulipa mwisho wa wiki" ni deni linalokua. Mzazi alipe mwenyewe, moja kwa moja, na amjue dereva, kijiwe chake na namba ya pikipiki. Kama pesa haipo, ni salama zaidi watoto wanne watembee kundi moja kuliko mmoja apandishwe bure. Madereva wenyewe waalikwe, na wajue kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Kijiweni habari hiyo husambaa haraka ikitoka kwa mwenzao.

Wavulana husahaulika kabisa. Watu huona wao ni wa kulala popote, kurudi usiku, kwenda kibanda umiza kutazama mpira mpaka saa sita. Yule mvulana 1 kati ya 7 wa utafiti ni huyohuyo. Aibu yake ni nzito zaidi kwa sababu anaogopa ataitwa majina. Kwa wavulana sema wazi: kufanyiwa hakumbadilishi mtu kuwa chochote, na anayesema ana ujasiri wa kiume kabisa. Kisha angalia kundi gani la mpira lina kocha anayelala na wachezaji wakisafiri, na ulizieni mipango ya vitanda.

Nyumba ikijaa

Harusi, arobaini, maulidi. Nyumba ya vyumba vitatu inalaza watu 25, mkeka mmoja unachukua watoto saba, na kijana wa miaka 20 aliyekosa pa kulala anasogezwa pembeni yao. Hakuna mwenye nia mbaya katika kupanga hivyo, ila ndivyo nafasi inavyopatikana. Kabla wageni hawajafika, amueni chumba cha watoto, wasichana upande na wavulana upande, na mwanamke mmoja mtu mzima aliyetajwa kwa jina alale mlangoni. Taa ya chooni iwake usiku kucha, na wadogo waende chooni wawili wawili. Ngoma ikiwa inapigwa mpaka alfajiri, mtu huyo hachezi. Mpeni zamu na mwenzake, maana saa nane usiku kila mmoja hudhani mwingine anaangalia.

Vivyo hivyo likizo za Juni na Desemba, mtoto anapopelekwa Muheza, Pangani au Lushoto. Maswali ya kuuliza kwa simu ni: atalala chumba gani, na nani, nani hubaki naye mchana? Ndugu akikasirika kwa kuulizwa, mwambie unauliza kwa kila nyumba. Akirudi, usimuulize "ulikuwa na adabu?" Muulize: "Nini kilikufurahisha? Nini hukukipenda? Kuna kitu uliambiwa usiniambie?"

Baharini

Usalama wa mtoto wa Tanga hauishii kwa watu. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti yake hupita mita 3. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo mtoto anayejua tarehe za Kiislamu anaweza kuijua: siku za mwanzo wa mwezi na zile za baada ya kumi na nne. Siku hizo maji huwa yamepwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni, wakati watoto wametoka shule na wanashuka Raskazone au Sahare.

Hatari ya wanaookota chaza na kuwinda pweza ni kwamba maji hayarudi kwa mbele. Huanza kujaza mikondo iliyo nyuma yao, kati ya fungu la mchanga na nchi kavu, na anayeangalia baharini tu hana habari. Waambieni waanze kurudi maji yanapoacha kutoka, wasisubiri yaanze kuingia. Na mtoto asiingie majini kuokoa mwenzake, kwa kuwa anayezama humkumbatia mwokoaji wakazama wote. Dumu tupu la lita 10 au 20, kifuniko kimekazwa, likifungwa kamba ya mita 15, linatosha kumweka mtu juu. Liwekwe mahali pa wazi watoto wanapoogea. Likibaki bila mwenyewe litachotewa maji wiki hiyohiyo. Kwa hiyo lipakeni rangi nyekundu na mmpe mwenye kibanda cha karibu alitunze.

Simu

Watoto wengi hawana simu yao, wanatumia ya mama akiwa jikoni. Hivyo mipangilio irekebishwe kwenye simu hiyo. Kwenye WhatsApp, ingia Mipangilio kisha Faragha, na uweke kwamba wanaoweza kukuongeza kwenye makundi, kuona picha na kuona hali yako ni watu uliohifadhi namba zao tu. TikTok huzifunga zenyewe akaunti za walio chini ya miaka 16 na kuwanyima ujumbe wa faragha, lakini mtoto anayeandika mwaka wa kuzaliwa wa uongo hupoteza kinga hiyo yote, na karibu wote huuandika. Kaa naye, mwone ameandika nini.

Kijana akitishiwa kwamba picha yake ya utupu itasambazwa asipotuma pesa au picha nyingine, afuate mpangilio huu. Asitume chochote zaidi, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Asifute mazungumzo. Apige picha ya skrini ya vitisho, jina la akaunti, namba na tarehe, ndipo amfungie mtu huyo. Amwambie mtu wa vidole vitano siku hiyo. Simu yenyewe ipelekwe polisi, na mzazi asiitume picha ya mtoto kwa mtu mwingine hata kwa nia ya kuonesha ushahidi, maana kusambaza picha chafu za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, awe nani aliyesambaza. Kumnyang'anya simu kama adhabu kunawafundisha wenzake wote kutosema.

Mtoto akisema

Mara nyingi haji na jambo zima. Huja na dogo, "mjomba ananitekenya sana", anakutazama usoni. Ukipandisha sauti, au ukicheka, anaondoka na lililobaki bila kulisema.

Kaa chini, urefu wako ulingane na wake. Sema: "Nakuamini. Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitatafuta mtu wa kutusaidia." Usiahidi kutunza siri. Uliza maswali mafupi yanayomwachia aeleze: "Ikawaje?" "Wapi?" "Nani mwingine anajua?" Usiulize "kwa nini hukupiga kelele?" wala kumtajia jina, "ni fulani, eh?", kwa kuwa jibu la kupandikizwa huvunja kesi. Akinyamaza, mwache. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe na saa. Asisimulie tena kwa shangazi, kwa mjumbe na kwa jirani. Kila marudio yanamuumiza na kumchanganya.

Ikiwa kuna kuingiliwa au kuumizwa, ni safari ya hospitali saa hiyo. Asioge, asibadilishe nguo. Kama ameshabadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au kufungwa ndani ya kanga safi, kwa sababu plastiki hutia unyevu na ushahidi huoza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa siku 28, na nyumbani wengi huziacha katikati kwa kichefuchefu, kwa hiyo ulizia namna ya kukipunguza kabla hamjaondoka. Msichana aliyevunja ungo apewe pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, ichukuliwe Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini mtoto anayetoka damu hasubiri fomu, mmoja wenu aifuate wengine wakiwa wodini. Ulizieni kama hospitali ina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hukaa pamoja na mtoto husimulia mara moja tu.

Wakati mko njiani, simu zitaanza. Watakuja wazee wenye busara kusema yamalizwe nyumbani, familia ni moja, mtu ana watoto wake, atatoa mbuzi na pesa ya matibabu. Mtu mmoja katika familia ateuliwe kuwajibu wote kwa sentensi moja: "Jambo liko serikalini, si letu tena." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto kuvunjiwa haki wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, kwa hiyo mwenyekiti anayeshauri kufunika anajiingiza mwenyewe. Msimfuate mtuhumiwa kumpiga wala kumuuliza. Hukimbia, au huja na maelezo yaliyokwisha pangwa. Hakikisheni tu kwamba usiku huo yeye na mtoto hawalali nyumba moja, na anayehama awe yeye. Mtoto akihamishwa ataona ameadhibiwa.

Baada ya wiki ya kwanza, arudi shule na chuo cha Kurani mapema iwezekanavyo, na kazi zake za nyumbani zibaki zilezile. Mwalimu mmoja tu ajue. Kukojoa kitandani, kukosa hamu ya chakula, hasira au kushikamana na mama kunaweza kuendelea kwa miezi, hasa siku za kuitwa polisi au mahakamani. Afisa ustawi apigiwe kila mara tarehe ya kesi inapobadilika, na mzazi aweke daftari la tarehe hizo, jina la mpelelezi na namba ya jalada, kwa kuwa mpelelezi anaweza kuhamishwa na atakayempokea ataanzia kwenye hilo daftari.